Zamu ya Kamba

Nilirudi kwetu Kengeja, kusini mwa Pemba, na sanduku la bati, godoro la sufi na mdomo wangu. Mdomo ndio ulionirudisha. Mume niliyeozwa alikuwa mtu wa kupenda kusifiwa, na mimi kusifu sikujaaliwa. Siku moja nilisema mbele ya wenzake kwamba samaki anaoleta nyumbani huwa wamevuliwa na watu wengine, na kabla ya magharibi nikawa nimeshapewa talaka yangu. Sikulia. Mama yangu alilia badala yangu, kisha akanipikia muhogo kwa nazi, akaniambia nikae eda yangu kwa adabu na nijaribu, kwa muda huo tu, kunyamaza.

Nilikuwa bado msichana mdogo, ingawa neno mtalaka humzeesha mtu. Miaka ile siasa ilikuwa imeanza kuingia mpaka majikoni, watu wanaulizana chama kabla ya kuulizana hali, lakini mwanamke aliye edani hayamfiki mengi. Nilikuwa nyumbani kutwa, pamoja na mama yangu, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufanya ukungu, na mtoto wa dada yangu.

Dada yangu mkubwa alikuwa akiishi pale pale kwa mama. Mumewe alikuwa na mke mwengine upande wa Mkoani, akija kwetu anapokumbuka. Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa kike, wa umri ule ambao wenzake walikuwa wanaanza kung'oka meno ya mbele. Alichelewa kukaa, akachelewa kusimama, na siku alipopata miguu alielekea baharini. Maneno hakuwa nayo. Alikuwa na sauti moja ya puani akifurahi, nayo ilikuwa adimu, na kelele moja akichukizwa, nayo tuliisikia sana. Wenye adabu walimwita mtoto wa Mungu. Wengine walimwita zuzu, na hao nilikuwa nikiwajibu, eda au si eda. Walikwisha kumpeleka kwa mganga, akarudi na hirizi shingoni, akaitafuna.

Jambo lililonikera siku za mwanzo ni kamba. Dada yangu kazi yake ilikuwa makumbi ya nazi. Anayafukia kwenye matope ya pwani mpaka yaoze, kisha anayafukua, anayapiga kwa gongo, anatoa usumba, zile nyuzi zake, anasokota kamba. Maji yakitoka anakwenda, maji yakijaa anarudi. Na kabla ya kwenda humfunga mwanawe kiunoni kwa kamba aliyoisokota mwenyewe, akaifunga ncha ya pili kwenye nguzo ya banda la jiko. Fundo la kiunoni aliliweka nyuma, mkono wa mtoto usipofika. Kamba ilitosha kufika kivulini, kufika kwenye kata ya maji na kufika alipokaa mama.

Nilivumilia kidogo, kisha nikasema.

"Dada, weye wamfunga mwanao kama mbuzi?"

"Mbuzi hendi baharini," akanijibu.

Akaketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, akaniambia habari ambayo hakuwahi kumwambia mama. Alikuwa anafukua makumbi, akageuka, mtoto hayupo. "Nkamwona, maji yashamfika hapa," akagusa kifua chake mwenyewe, "na acheka tu. Namwita, hageuki. Namwita jina lakwe, hageuki. Nkamshika maji yashafika kidevuni."

Ndipo nilipoiangalia vizuri ile kamba. Pale inapopita kiunoni alikuwa ameizungushia kitambaa cha kaniki, akakishona kwa mkono, mshono mdogo mdogo, ili usumba usimchune mtoto. Sikusema tena habari ya mbuzi.

Lakini mchana ni mrefu, na mimi si mtu wa kukaa bure. Nikaazimia kumfundisha kucheza. Nilidhani ni jambo jepesi, maana nani aliyetufundisha sisi? Nikamtafutia vifuu vya nazi, nikampangia mafiga ya vijiwe, nikatia mchanga nikasema huu wali. Nikajifanya nakula, nikajifanya umeniunguza ulimi. Mtoto akachukua ule mchanga, akautia kinywani kweli kweli. Nikamshonea mtoto wa matambara, nikampa nywele za usumba. Akazing'oa nywele, akazimimina polepole kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akafanya hivyo mpaka adhuhuri. Nilikasirika. Nilimkasirikia yule wa matambara, kwa kuwa kumkasirikia mtoto nisingethubutu, nikamtupa juu ya paa, na nadhani alibaki kule mpaka makuti yalipobadilishwa.

Ulikuwa wakati wa jua kali, mpunga umekwisha kuvunwa na masika bado, wakati ambao Pemba kila upande unasikia habari ya mchezo wa ng'ombe. Asiyewahi kuuona nimwambie tu kwamba ng'ombe dume hufungwa kamba ndefu, zumari likapigwa, wanawake wakaimba, na vijana wa kiume wakamchokoza kwa nguo mpaka akawakimbiza. Ng'ombe hauawi. Akichoka anarudishwa kwao, na mwenyewe anasifiwa mwaka mzima. Watoto wakitoka kuuangalia, hawana mchezo mwengine. Zumari lao ni bua la jani la mpapai, nguo yao ni tambara lolote, na ng'ombe ni mtoto mmojawapo.

Basi siku moja wakapita nyuma ya ua wetu wakiwa wanatafuta ng'ombe. Mkubwa wao alikuwa binti wa jirani, msichana mwenye magoti ya makovu na sauti ya kuamrisha, na nyuma yake mdogo wake wa kiume mpiga zumari. Wakachungulia, wakamwona mtoto wetu. Amefungwa kamba kiunoni, kamba imefungwa nguzoni, anazunguka. Kwa mtoto wa Pemba kitu kama hicho hakina jina jengine. Wakaingia. Bua la mpapai likalia, tambara likapepea, na mimi nikatoka ndani na ufagio.

Sikuutumia. Mtoto alikuwa anacheka. Alikuwa anatoa ile sauti ya puani, analikimbilia tambara mpaka kamba inakaza, anarudi, analikimbilia tena, na kila likipepea macho yake yalikuwa pale pale penye tambara. Sikuwahi kuona macho yake yakikaa pahala pamoja na macho ya mtu mwengine.

Dada yangu alirudi na mzigo wa usumba kichwani, akauona mchezo, akautupa mzigo. Watoto wakaruka ua.

"Mwanangu si ng'ombe," akasema. Hakusema kwa ukali.

"Kacheka, dada."

"Walikuwa wamcheka."

"Wao wamemcheka. Yeye kacheka kwa lakwe mwenyewe. Nimemwona."

Akamfuta mtoto vumbi usoni na ncha ya kanga, akaingia naye ndani. Usiku ule nilisikia kama analia, na nilitamani kwenda kulala karibu naye, lakini sisi kwetu hatukuzoea hayo.

Eda yangu ikaisha, na haikupita muda ikaja posa. Mwanamme wa Gando, mkulima, aliyefiwa na mkewe. Alikwisha kuambiwa habari za mdomo wangu na akasema nyumba yake imekuwa kimya mno. Jibu lile lilinipendeza zaidi kuliko mahari. Harusi ikapangwa baada ya Idi. Na hapo ndipo nilipoanza kuhesabu nani atabaki. Mama haoni vizuri, dada yuko pwani, mimi Gando, kule kaskazini, safari ya kutwa. Mtoto atabaki na kamba na nguzo, na kadiri anavyokua ndivyo kamba itakavyokuwa nene. Nilimwambia dada yangu kwamba kabla sijaondoka nataka mwanawe aweze kucheza na wenzake, kutoka asubuhi mpaka yeye anaporudi, akae nao kwa kupenda na si kwa kufungwa.

"Mchezo humzuia mtu kwenda baharini?" akaniuliza.

"Wewe uliwahi kuuacha mchezo ukiitwa?"

Akaendelea kusokota kamba yake. Kwa dada yangu kutonikataza ilikuwa ni ruhusa, au mimi niliamua iwe hivyo.

Nilianza kwa kuwa ng'ombe mimi. Nilitambaa uani kwa magoti na mikono, mwanamke aliyekwisha kuchumbiwa, na mama yangu kwenye mlango akisema astaghfirullah huku anacheka. Nilikuwa na kanga ya ndoa yangu ya mwanzo. Niliichana kipande kwa furaha kubwa, nikampa mtoto mkononi. Mwanzo alikimimina tu kama anavyomimina usumba. Nikaushika mkono wake kwa mkono wangu, tukapepea pamoja, nikauachia, ukaanguka. Tukapepea tena. Sikumbuki ilikuwa siku ya ngapi mkono ule ulipobaki juu wenyewe. Nakumbuka tu kwamba nilimkimbilia kwa nguvu mpaka nikajigonga kwenye kinu.

Tatizo likaja ambalo sikulifikiria. Kumpa hamu ya tambara ni rahisi, kumwambia mchezo umekwisha ndiyo kazi. Yeye kwake kila nguo inayopepea ilikuwa inamwita. Siku moja nilimfungua nikamshika mkono twende tukaombe moto kwa jirani, na mama yake yule binti mwenye makovu alikuwa anaanika kanga. Alikuwa mwanamke mnene, ameinama, mbele yake beseni la maji ya sabuni. Upepo ukaipiga kanga. Mtoto akaniponyoka mkononi, akainamisha kichwa, akaiendea kanga mbio. Jirani aliingia mzima mzima ndani ya beseni.

Alikuja jioni kulalamika, na kila akilalamika mama yangu anafunika uso kwa mtandio, na sote tulijua anachofanya ndani ya mtandio ule. Lakini dada yangu hakucheka. Alikwenda kwenye nguzo akaifupisha kamba.

"Mtoto alikuwa hana maneno," akaniambia. "Sasa hana maneno na ana pembe. Nkupe hongera?"

Neno lile lilinichoma. Nililala nikilifikiria, na asubuhi nikatoka kwenda kwenye mpapai nikakata bua la jani. Ng'ombe wa kweli hasubiri nguo, husubiri zumari. Watu wote wanajua hivyo, na mimi nilikuwa nimelisahau zumari kwa kuwa nilikuwa peke yangu na pumzi zilinitosha za kukimbia tu. Tangu siku ile tambara lilikuwa linafichwa mgongoni mpaka zumari lilie. Likilia, tunacheza. Likinyamaza, tambara chini, sote tunakaa kitako, na kila mmoja anapata kijipande cha nazi. Nilipuliza mpaka midomo ikavimba, mchumba wangu alikuwa na bahati ya kutoniona. Mtoto akaanza kukaa zumari linapokatika. Halafu akaanza kukaa na kuniangalia mdomo, anangoja. Kungoja nako alikuwa hajawahi kungoja kitu. Nilipoona anangoja nilimkumbatia akanipigia kelele, maana kukumbatiwa alikuwa hapendi, na nikamwomba radhi.

Hapo nikawaita watoto. Niliwaita kwa mihogo ya kuchoma, nisidanganye. Binti wa jirani akauliza swali moja tu, kama yeye atakuwa mkubwa wa mchezo. Nikamwambia atakuwa mkubwa baada yangu. Na ikawa kuwafundisha wao ni kugumu kuliko kumfundisha mtoto wetu, kwa sababu wao walimtaka awe ng'ombe siku zote. Alikuwa ng'ombe mzuri. Hachoki, hasemi nimeumia, hasemi sasa wewe.

"Ng'ombe gani hapumziki?" nikawauliza.

"Huyu hajui kuchokoza, mama mdogo," akasema yule binti. "Hajui lolote, ajua kukimbia tu." Alikuwa ananiita mama mdogo kwa kuwa ndivyo mtoto wetu angeniita.

"Basi na leo ng'ombe ni weye. Tuone kama wajua zaidi."

Alikuwa na kiburi, alhamdulillahi. Akainua mikono afungwe.

Lakini mtoto wetu hakutaka kutoa kamba. Nilipomvua alipiga ile kelele mpaka kuku wakatoka uani. Nilidhani kamba ile ni adui yake. Kumbe yeye alikuwa nayo tangu alipojua kusimama, kwake ilikuwa ni yake kama mkono. Nikajaribu kwa upole, nikajaribu kwa nazi, nikajaribu kwa ukali, na ukali ulinirudishia aibu tupu. Mwisho nikagundua jambo dogo. Nilikuwa namnyang'anya kabla ya kumpa. Nikageuza. Kwanza kipande cha kanga mkononi mwake, kwa vidole vyote, na wakati ule ule kamba inatoka kiunoni. Mkono usibaki mtupu hata kidogo. Alitazama kamba inakwenda, akatazama kanga imekuja, akanyamaza. Na zamu ilipoisha tukafanya kinyume, kamba ikaingia, kanga ikatoka. Watoto wakaizoea hiyo ikawa ndiyo sheria. Hata walipokuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe, bila yeye, niliwaona wanapeana kanga na kamba kwa pamoja, kama kwamba hakuna njia nyengine.

Na ili kamba ipite kiuno kwa kiuno lazima fundo liwe la watoto. La dada yangu lilikuwa la nyuma, gumu, la kufungulia meno. Mimi nikafunga la mbele, la kuvuta ncha moja likafunguka lote. Kila zamu ilipokwisha niliweka mkono wa mtoto kwenye ncha ile, nikavuta naye.

Dada yangu alirudi siku moja mapema akanikuta katika kufanya hivyo. Akaishika kamba, akalivuta fundo mwenyewe, likafunguka. Akalifunga, akalivuta tena.

"Ukimfunza hili," akasema, "mie sina tena kamba."

"Najua, dada."

"Bahari ipo pale pale."

"Hayo nayo nayajua."

Nilimwona anataka kunikataza. Nilimwona pia anaziangalia zile nyuzi za mshono wake kwenye kaniki, zilizokwisha kuchakaa. Akaniambia nifanye ninavyofanya, ila yeye atafunga lake, nyuma, kila anapokwenda pwani. Na akafanya hivyo kweli, asubuhi zote zilizobaki.

Ramadhani ikapita, Idi ikapita. Siku mbili kabla ya harusi nilikuwa ndani natiwa hina. Miguu imepakwa, imefungwa matambara, mikono nimeiinua hewani kama mtu anayeomba dua. Watoto hawakuja uani siku hiyo kwa kuwa nyumba ilikuwa na wageni. Dada yangu alikuwa amekwenda kufukua makumbi yake ya mwisho ili arudi anisaidie. Nilisikia mama anauliza kutoka barazani, "Mtoto yu huko nanyi?" Nikasema, "Yuko nawe." Kabla hajasema jengine niliinuka.

Kamba ilikuwa chini karibu na nguzo. Ncha ya nguzoni iko vile vile. Ncha ya kiunoni imefunguka, na kile kitambaa cha kaniki bado kina umbo la duara la mwili wake. Alikuwa amekonda Ramadhani ile, kitanzi cha kiunoni kimelegea. Alikizungusha mpaka fundo likaja mbele, akalivuta na kulivuta mpaka gumu lile likaachia, kwa vidole vile nilivyovifundisha mimi mwenyewe.

Nilikimbia na hina yangu. Watu waliniita, bi harusi hatoki, nikawaacha waite. Matambara yakafunguka njiani. Nilifika pwani maji yamekwisha kuanza kujaa, nikamwambia dada yangu maneno mawili tu, na sikumaliza la pili. Aliingia majini na nguo zake, na wanawake wote wakaacha makumbi wakaingia nyuma yake, wamepanga mstari, wanapapasa maji kwa mikono. Dada yangu alikuwa mbele ya wote, maji yamemfika kifuani, anaita jina la mwanawe. Ninalisikia mpaka leo linavyoitwa.

Nikageuka nikimbilie upande wa mikoko. Na nilipogeuka upepo ukaniletea sauti ya bua la mpapai.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kumpa dada yangu tamaa ya uongo. Nilirudi mbio mpaka nyuma ya nyumba ya jirani, kwenye kiwanja kati ya mihogo, na watoto walikuwa pale. Binti wa jirani alikuwa ng'ombe, amefungwa kamba ya mgomba, anakwaruza mchanga kwa mguu. Mbele yake, na kipande cha kanga yangu mkononi, alikuwa amesimama mtoto wetu. Amekiinua juu. Kinapepea. Nikamwita jina lake, hakugeuka. Nikamwita tena, hakugeuka. Alikuwa ana kazi. Nikakaa chini pale pale kwenye mihogo.

Mtoto mmoja nikamtuma pwani. Dada yangu alikuja akiwa anachuruzika maji kutoka kifuani mpaka chini, kanga imemganda, mtandio haupo. Akasimama ukingoni mwa kiwanja. Nilijua atampiga, na sijui angempiga nani kwanza, mimi au yeye au wale watoto. Mpiga zumari alikuwa bado hajamwona, akamaliza pumzi yake akakata. Mchezo ukasimama. Mtoto wetu akakaa kitako, tambara chini, akangoja.

Binti wa jirani akavuta fundo, kamba ya mgomba ikamwanguka kiunoni. Akamwendea mtoto wetu kama sheria ilivyo, kamba kwa mkono huu, na mkono mwengine ameutanua apokee kanga. Mtoto akaipokea kamba. Kanga hakuitoa. Akainuka, akatutazama sote, akatembea mpaka alipo mama yake, akamzungushia ile kamba kiunoni. Kufunga alikuwa hajui. Tulimfundisha kufungua tu. Basi akazishika ncha mbili kwa ngumi yake moja, mbele ya tumbo la mama yake lililolowa, akaikaza, akasubiri.

Dada yangu akaitazama ile ngumi.

"Zamu yangu leo?" akamuuliza.

Akazichukua zile ncha kutoka mkononi mwake, akalifunga fundo mwenyewe, akapiga magoti mchangani. Akaweka na mikono chini. Mpiga zumari alikuwa amesahau kazi yake kwa kuogopa, dada yake akampiga kikofi cha kisogo, bua likalia. Na dada yangu, ambaye sikumbuki kumwona akicheza tangu alipoolewa, akainamisha kichwa chake kilicho wazi akaikimbilia ile kanga, na mtoto akatoa ile sauti ya puani, akaitoa tena, akaitoa tena. Mimi nililia hapo. Yale machozi ambayo hayakunitoka kwenye talaka yalitoka yote, na hina ya mikononi ikaingia machoni ikaniwasha vibaya.

Jirani yule yule wa beseni ndiye aliyeniambia baadaye kwamba asubuhi zilizofuata mtoto alikuwa anapelekwa kwenye kiwanja na mama yake, mkono kwa mkono, na mama akirudi maji yanapojaa anamkuta pale pale. Siku ambazo watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani mama yake alikuwa anakwenda naye pwani, na yule binti mwenye makovu akitoka chuoni anamfuata. Hakupata maneno. Alipokuwa mkubwa alijua kusokota kamba, maana vile vidole vya kumimina usumba vilikuwa tayari vimejifunza kazi yao.

Mimi niliondoka kwa gari la abiria, na miguu yenye hina iliyofutika nusu. Sanduku langu la bati lilikuwa limeharibika kitasa, dada yangu akalifunga kwa kamba kabla halijapandishwa juu ya gari. Mchana kutwa tulikwenda, na vumbi lote la Pemba likatuingia. Jioni, katika nyumba yangu mpya ya Gando, nilimwomba mume wangu kisu nikate kamba ya sanduku, maana nilijua mafundo ya dada yangu. Akaniletea taa karibu. Ilikuwa ile kamba ya usumba, na kitambaa cha kaniki bado kimeshonwa juu yake. Kisu hakikuhitajika. Alikuwa amelifunga kwa fundo la mbele, lile la kuvuta ncha moja.